Makadirio ya Muda Mrefu ya Mahitaji ya Maji Kibondo na Kasulu: Kiwango Kimoja cha Ongezeko la Watu Hakitoshi



Anayesanifu mradi wa maji leo anatakiwa aseme watu wa mwaka 2045 watahitaji maji kiasi gani. Kwa kawaida huchukua idadi ya watu ya sensa ya mwisho, akaikuza kwa asilimia ileile kila mwaka kwa miaka 20, akazidisha kwa lita za kila mtu, kisha akaongeza sehemu ya upotevu. Hoja yangu ni kwamba katika nyanda za juu za Kigoma njia hii ikitumika peke yake inapotosha, na ushahidi tunao katika sensa zetu wenyewe.

Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002, watu wa Mkoa wa Kigoma waliongezeka kwa wastani wa asilimia 4.8 kwa mwaka. Kufikia sensa ya 2012 kasi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 2.4, na kufikia ya 2022 ilikuwa 1.5, wakati ya Tanzania nzima ilikuwa 3.2. Aliyeshika ile 4.8 na kuisukuma mbele miaka 20 kuanzia 2002 angepata zaidi ya watu milioni 4.2. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 2.47.

Tofauti hii haielezeki bila wakimbizi. Warundi walimiminika mwaka 1993, Wakongomani 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Wengi wakarejea makwao. Kambi ya Mtabila ikafungwa mwishoni mwa 2012, na baadaye ikawa makao ya kikosi cha JKT. Kabla miaka mitatu haijapita, Aprili 2015, Burundi ikachafuka tena. Nyarugusu, iliyokuwa na watu kama 65,000, ikavuka 150,000. Kambi ya Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba 2015, Mtendeli ya Kakonko Januari 2016. Desemba 2021 Mtendeli nayo ikafungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Hakuna fomula ambayo ingeyaona hayo yote kabla.

Tuone uzito wa tofauti hiyo ya kasi kwenye bomba. Chukueni kijiji cha watu 5,000 na kile kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku kilichomo katika Sera ya Maji ya 2002. Kwa ongezeko la 4.8, baada ya miaka 20 kijiji kitahitaji mita za ujazo 319 kwa siku. Kwa 1.5, ni 168. Anayejenga kwa hesabu ya kwanza ataweka karibu mara mbili ya uwezo unaotakiwa, na gharama ya kuendesha mtambo huo mkubwa itamwangukia mama anayelipia ndoo kwenye kituo cha kuchotea maji. Makosa haya si ya nchi maskini tu: Bwawa la Kielder kaskazini mwa Uingereza, lililofunguliwa 1982, lilijengwa kwa kutegemea ukuaji wa viwanda vya chuma na kemikali ambao haukutokea kama ilivyotabiriwa.

Upo pia mtego wa mipaka. Mwaka 2012 Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu na Kakonko kutoka Kibondo. Anayelinganisha "Kibondo" ya 2002 na "Kibondo" ya 2022 bila kurudi kwenye kata na vijiji analinganisha maeneo mawili tofauti.

Lakini kosa linaloniumiza zaidi ni kuchukua maji yaliyouzwa mwaka jana na kuyaita mahitaji. Penye mgao, dira husoma kile bomba lilichoweza kutoa. Kaya iliyokosa maji siku tatu ikaenda mtoni haionekani kwenye ankara yoyote, na wanaotembea hivyo ni wanawake na watoto. Tukikadiria kwa kumbukumbu hizo, tunaichukua shida ya leo na kuiandika kuwa kipimo cha kesho. Hapo makadirio yanakuwa madogo mno, ilhali yale ya sensa yanaweza kuwa makubwa mno, na yote mawili yanaweza kukaa katika ripoti moja bila mtu kushtuka.

Napendekeza hesabu itenganishwe: wakazi wa kudumu peke yao, kambi peke yake, biashara na taasisi peke yake. Wakazi wapewe makisio matatu, ya chini, ya kati na ya juu. Kambi zisikuzwe kwa asilimia. Ziandikiwe hali zinazoweza kutokea, ikiwamo kufungwa, na lijibiwe mapema swali la nani atarithi visima na matenki yake. Mji wa Kasulu, ulio katika mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, uangaliwe kwa jicho lake: barabara ya lami ya Kabingo hadi Manyovu itabadilisha biashara pale kuliko idadi ya watu inavyoonyesha. Na ujenzi uende kwa awamu. Bomba kuu na eneo la chanzo vichukuliwe kwa makisio ya juu, kwa sababu kuvipanua baadaye ni ghali. Pampu na matenki vianze na ya kati.

Ninawaomba wenzangu wa mamlaka za maji, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na Bonde la Ziwa Tanganyika tukubaliane hapa kuyapitia makadirio haya kila baada ya miaka mitano, na kila kambi inapofunguliwa au kufungwa, bila kungoja sensa ya 2032.