TAKATAKA ZA SHULE NA WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ulitaka shule iwe pia mahali pa kuzalisha mali. Shule nyingi za vijijini zililima mashamba kwa mwongozo huo. Leo shule hizo zina zao jingine ambalo halikupandwa na mtu, nalo ni takataka. Chupa za plastiki, karatasi, makopo na maganda ya ndizi hutupwa katika shimo moja na kuchomwa moto. Moshi wa plastiki una sumu, nao huingia madarasani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zafika kila kijiji.

Kosa linalorudiwa ni kukusanya kabla ya kumjua mnunuzi. Chupa ni nyepesi lakini hujaza nafasi kubwa. Lori lililojaa chupa zisizobanwa hubeba hewa kuliko mali, na nauli huimeza bei yote. Rundo hukaa hadi mvua ilisombe mtoni. Hapo watoto hujifunza kwamba jasho lao halikuwa na maana, na somo hilo ni baya kuliko takataka zenyewe.

Chama cha Msingi kina mizani, ghala, na katibu ajuaye kuandika stakabadhi. Aidha, lori liletalo pembejeo mara nyingi hurudi mjini tupu. Vitu hivyo shule haina. Kwa hiyo utaratibu ufaao ni huu:

Kwanza, shule ianze na takataka zisizohitaji mnunuzi. Majani makavu, majani mabichi, mabaki ya jikoni na samadi vipangwe kwa tabaka, vinyunyiziwe maji na kufunikwa. Fimbo ichomekwe katikati ya rundo: ikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea, ikitoka kavu, maji yaongezwe. Rundo likigeuzwa kila baada ya wiki 3, mboji huwa tayari kwa muda wa miezi 3 hivi, nayo hurudi katika bustani ya shule.

Pili, chama kiafikiane na mnunuzi kwa maandishi juu ya bei na uzito wa chini anaoupokea. Ndipo chupa zikusanywe, zibanwe, na kutengwa na vyuma na karatasi.

Tatu, kila mzigo upimwe mbele ya mwalimu na wawakilishi wa wanafunzi. Stakabadhi iwe na nakala, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Mtoto aonaye hesabu za kweli leo ndiye mwanachama atakayezidai kesho.

Ndugu Wanachama, lipo jambo moja lisilokubali mzaha. Vyombo vya dawa za kuua wadudu visiingie kamwe katika mkusanyo wa shule, wala mtoto asiviguse. Mkulima mwenyewe avisuuze mara 3 shambani, maji ya kusuuzia ayamimine ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha avitoboe ili visitumike tena kuchotea maji wala kuwekea mafuta ya taa. Chama kinachogawa dawa ndicho chenye wajibu wa kuvipokea na kuvifungia mahali pa peke yake, hadi Bwana Shamba atakapoelekeza.

Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya muhula huu kwisha, kila Katibu amwendee Mwalimu Mkuu wa shule iliyo jirani, wajibu pamoja maswali mawili: Ni nani atakayenunua? Na vyombo vya dawa vya kijiji hiki huishia wapi? Kamati itakayoweza kuyajibu yote mawili na ianze kazi; isiyoweza, ianze na mboji.