UJIRANI MWEMA NA KUOMBEANA
(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wazee na walimu)

 

Rafiki mtu humchagua, lakini jirani humkuta tu. Walakini huyo asiyechaguliwa ndiye ausikiaye ukelele wa usiku nyumba inapowaka moto, naye ndiye ashikaye machela mgonjwa achukuliwapo. Wahenga walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tuwatazame Wachagga wa Kilimanjaro. Mipakani mwa vihamba vyao hupandwa isale, mmea wenye majani marefu. Na jani lilo hilo la isale ndilo mtu alichukualo aendapo kuomba msamaha kwa yule aliyemkosea. Basi mmea utengao mashamba ndio uwapatanishao wenye mashamba. Tena wanayo mifereji ya kale, iitwayo mifongo, iletayo maji kutoka mitoni hata migombani. Mfereji mmoja hupita kwa watu wengi, wala haudumu ila wauzibue pamoja na kugawana zamu. Aibaye zamu ya mwenziwe hunywesha migomba yake, lakini hukausha urafiki.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefika kwao mwaka 1902, aliyaangalia mambo haya kwa makini. Aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo visivyofaa kukatwa, akataka kanisa lijengwe juu yake. Hata leo Wakristo wengi wa Tanzania hukutana nyumbani kwa zamu, katika jumuiya za majirani, wakaombeana.

Lakini kuombeana kwataka adabu, nami nitataja mambo matatu.

Kwanza, sala isiwe matangazo. Mtu akisimama mbele ya watu na kumwombea jirani yake kwa kuutaja ulevi wake, amemsengenya huku amefumba macho. Mambo ya siri yaombewe kwa siri.

Pili, sala isikae bila miguu. Ukimwombea mjane ambaye nyumba yake yavuja, ukiisha kusema Amina chukua mzigo wa nyasi uende ukamwezekee.

Tatu, nalo ndilo zito: mwombee yule mnayegombea naye mpaka. Usiombe ashindwe barazani. Ombea watoto wake wapone, na ng'ombe wake azae salama. Ni vigumu kumtakia mtu heri kila asubuhi, na jioni kulisogeza jiwe la mpaka wake. Labda moyo wake hautageuka upesi, lakini wako utakuwa umekwisha anza.

Wala tusiulize kwanza kama jirani huyo ni wa kanisani au wa msikitini. Homa haiulizi, na njaa haiulizi. Mwislamu akimwombea dua jirani yake Mkristo, na Mkristo akimwombea Mwislamu, kijiji chote hupata faida.

Mambo haya hayangoji fedha wala amri ya mkubwa. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu azihesabu nyumba zilizo karibu naye. Asiyejua habari za mgonjwa wa nyumba ya tatu, na aende kesho asubuhi akamjulie hali.