Chanjo ya Mtoto ni Sehemu ya Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui lolote, akamjaalia wazazi wa kumlea na kumlinda. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume wa rehema, na ali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunawausia na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mungu ni kuzichunga amana. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya amana iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ni mtoto mchanga, ambaye hawezi kudai haki yake kwa ulimi.

Katika nyumba zetu siku za mtoto huhesabiwa vyema. Anapozaliwa huadhiniwa sikioni. Siku ya 7 hufanyiwa akika na kupewa jina jema. Siku ya 40 mama hutoka arobaini, na jamaa hukusanyika kwa furaha. Hesabu hiyo ni njema, lakini haifai kukomea hapo. Siku mbili tu baada ya arobaini, yaani siku ya 42, mtoto hutimiza wiki 6, na hiyo ndiyo siku yake ya kupelekwa kliniki kuchanjwa. Nyumba iliyokumbuka kununua mchele wa arobaini haina udhuru wa kuisahau siku ya 42.

Wazazi wapya huuliza: chanjo ni kitu gani? Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wa mwanadamu askari wanaopigana na maradhi. Askari hao wakikutana na adui wasiyemjua, huchelewa kumtambua, na mtoto huweza kuangamia kabla hawajajipanga. Chanjo huwaonyesha askari hao adui aliyekwisha kuuawa au kudhoofishwa, au kipande chake tu, wamjue sura yake. Siku adui wa kweli atakapokuja, atawakuta wako tayari.

Utaratibu wa Tanzania, ambao wa nchi jirani haupishani nao sana, ni kama huu. Mtoto anapozaliwa huchanjwa sindano ya kifua kikuu na kutiwa matone ya polio mdomoni. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupewa kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia, polio na kuhara kukali. Katika mwezi wa 9 huchanjwa surua na rubela, na chanjo hiyo hurudiwa mwezi wa 18.

Kwa nini kurudiwa? Kwa sababu askari hao hawafunziki mara moja. Na surua haichanjwi mapema kwa kuwa mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, na kinga hiyo huizuia chanjo kufanya kazi mpaka ipungue. Hata katika mwezi wa 9, katika watoto 100 wapatao 85 tu ndio huipata kinga kwa sindano ya kwanza. Chanjo ya pili ni kwa ajili ya waliosalia. Na surua ni mwepesi wa kuenea: mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Basi mzazi aliyeanza asimalize ni kama aliyejenga nyumba akaacha kuiezeka.

Wako wanaosema: tunamtegemea Mungu, ajali ikifika imefika. Neno hilo ni la kweli, lakini limetumiwa mahali sipo. Mtume wetu (S.A.W.) alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mungu, na akawaamrisha umma wake kujitibu. Na Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Shamu na kupata habari ya tauni, aliwarudisha watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaihama kadari moja kwenda kadari nyingine, na zote ni za Mungu. Maradhi ni kadari, na chanjo pia ni kadari.

Wako vilevile wanaoogopa uvumi kwamba chanjo hukata kizazi. Ndugu zetu, yazingatieni yaliyotokea kaskazini ya Nigeria. Mwaka 2003 uvumi huo ulifanya chanjo ya polio isimamishwe katika jimbo la Kano. Polio ikaenea ndani ya nchi hiyo, kisha ikavuka mipaka mpaka nchi za mbali, na watoto wakapooza viungo. Mwaka 2004 Kano ilirejea kuchanja, kwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kazi ikaendelea, na mwezi wa Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeepukana na virusi vya polio ya asili. Uvumi ulipita, lakini miguu iliyopooza haikurudi.

Tena tuitazame pwani yetu hii hii. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Muislamu wa mji wa Merca, Somalia, jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wawili wenye ndui ili aonyeshe njia. Safari ilikuwa fupi sana, lakini ilitosha. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Yeye alipona, mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetoweka. Ali akaja kuwa mhimizaji wa chanjo ya polio kwa wazazi wa Somalia, na katika kazi hiyo ndimo yalimomkuta mauti mwaka 2013.

Enyi akina baba, neno hili ni lenu. Mara nyingi mama huijua siku ya kliniki, lakini hungoja ruhusa na nauli. Msimcheleweshe. Na mtoto aliyezaliwa nyumbani hana haja ya kungoja mama atoke arobaini ndipo achanjwe. Baba au bibi aweza kumpeleka.

Enyi akina mama, baada ya chanjo mtoto aweza kupata homa ndogo, kulia, au kuvimba kidogo penye sindano. Hayo hupita kwa siku chache. Mnyonyesheni. Chanjo ya kifua kikuu hutoa kidonda kidogo begani kisha huacha kovu. Msikipake majani wala dawa yoyote. Homa ikizidi au hali ikiwatia shaka, mrudisheni mtoto kwa mganga wa hospitali. Mafua madogo si sababu ya kuacha kuchanja. Na aliyepitwa na siku yake asione haya: aende na kadi yake, ataendelea pale alipoachia. Mjamzito naye asiiache chanjo yake ya pepopunda, maana humkinga yeye na mtoto atakayezaliwa.

Ndugu Waislamu, mtoto aliyechanjwa huwa ngao kwa mtoto wa jirani aliye mdogo mno asiyefikia bado siku ya kuchanjwa. Na haki ya jirani mnaijua. Mkirudi majumbani leo, itazameni kadi ya mtoto, muone ni mahali gani pako wazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuzitimiza amana zetu kabla ya siku ya kuulizwa. Amin.

Wassalaamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.