Saa ya Kuwashia Taa Katika Banda la Maua



Chama kinachokuza krisanthemu bandani hununua saa ya kuwashia taa kwa nia moja: mlinzi asilazimike kuamka usiku wa manane kubonyeza swichi. Nia hiyo ni njema. Lakini saa hutii ilivyopangwa, hata ikipangwa vibaya.

Krisanthemu hufanya maua usiku unapokuwa mrefu. Tabia hii ya mimea kufuata urefu wa mchana na usiku ilielezwa na Garner na Allard huko Marekani mwaka 1920, baada ya kuchunguza tumbaku na soya. Karibu na Ikweta giza huchukua takriban saa 12 mwaka mzima. Hivyo mche huchanua ungali mfupi, na bua lake halipati bei. Dawa yake ni kuukata usiku katikati kwa mwanga, tangu saa 4 hadi saa 8, mpaka mche urefuke. Kisha taa huachwa, maua yakaja.

Kosa huingia wakati wa kupanga. Uso wa saa hizi huhesabu tangu usiku wa manane hadi 24. Saa 4 ya usiku ni 22, na saa 8 ya usiku ni 2. Aliyepanga 4 hadi 8 amewasha taa tangu saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi: nusu ya umeme imeungua juani, na giza la mwanzo limebaki zaidi ya saa 9 bila kukatwa. Bili italipwa na wanachama wote.

Umeme ukikatika, saa isiyo na betri ya akiba husimama. Ukikatika kwa saa 3, taa zitachelewa saa 3 kila usiku mpaka mtu arekebishe. Kwa hiyo katibu ailinganishe na saa ya mkononi kila asubuhi, na kuandika daftarini.

Mwisho ni mzigo. Taa 100 za wati 100 ni wati 10,000, yaani karibu ampea 43 kwa volti 230. Saa nyingi za aina hii hubeba ampea 16 tu. Fundi aweke kontakta ya kubeba mzigo, saa ibaki kuiamuru tu.