Damu Ikishuhudia Minyoo



Nimeombwa niseme habari ya kupimwa damu kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Mimi ni karani, si tabibu. Illa jambo hili lilinipata nyumbani mwangu, nami nikalijua kwa gharama.

Mdogo wangu, akaaye shambani nje ya mji wa Karatu, alianguka kifafa. Wazee walianza kunong'ona yao. Mimi nikampeleka kwa mpimaji mmoja, ambaye simtaji. Akamtoa damu, akaandika cheti kwamba ana tegu, akatuuzia dawa papo hapo. Nikalipa, nikarudi kwa furaha. Usiku ule kijana alianguka mara mbili. Sisemi dawa ndiyo iliyomwangusha, maana sina ushahidi.

Yafaa tumwelewe huyu tegu wa nguruwe. Mtu alaye nyama isiyoiva vema humpata mzima, akakaa utumboni, na mayai yake yakatoka pamoja na choo. Nguruwe azururaye huyala, na katika nyama yake hufanyika mifuko midogo. Lakini mtu naye akiyameza mayai yale, kwa mikono michafu au kwa mboga, mifuko ile ile hufanyika mwilini mwake, hata katika ubongo. Hapo ndipo kifafa. Basi asiyeonja nguruwe kamwe asijione salama: mwaka 1992 iliandikwa habari ya Wayahudi wa New York, washika dini sana, waliopatwa na ugonjwa huu, na walioshukiwa kuuleta ni watumishi wa majumbani mwao.

Kwetu si hadithi ya mbali. Katika Wilaya ya Mbulu, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake zamani, nguruwe 770 walitazamwa ndimi zao, na kwa habari iliyochapishwa mwaka 2004, 17 hivi katika kila mia walikuwa na mifuko. Kule Haydom watu 212 wenye kifafa walipigwa picha ya kichwa. 38 walionekana na dalili za mifuko hiyo.

Sasa damu. Mdudu akiingia, mwili hufanya askari wa kumpinga, ndio kingamwili. Kipimo huwatafuta askari hao, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Na askari hawa hukaa miaka, hata adui akiwa amekwisha kufa. Tena mwenye mfuko mmoja tu kichwani huweza kupimwa asionekane nao. Basi cheti changu kilisema tu kwamba adui aliwahi kupita. Kwa safura na mchango, choo chini ya hadubini chatosha. Damu hufaa zaidi kwa amiba aliyeingia katika ini, na kwa mnyoo mdogo uitwao strongiloidesi, ambao choo mara nyingi huuficha.

Hatimaye tulikwenda hospitali. Daktari alikasirika kidogo. Alisema dawa ya tegu, ikimkuta mtu mwenye mifuko hai ubongoni, yaweza kuiua kwa ghafula, ubongo ukavimba, na kifafa kikazidi. Ndiyo sababu haitolewi ovyo kwa mwenye kuanguka. Choo cha mdogo wangu hakikuweza tena kusema lolote, maana dawa ilikuwa imekwisha kunywewa. Picha ya kichwa ilionyesha mifuko miwili, ya zamani, imekauka kama chokaa. Alipewa vidonge vya kifafa, na tangu hapo ameanguka mara moja tu, siku alipoacha kuvimeza kwa kuwa wenzake walimcheka.

Kisha daktari akauliza neno ambalo mpimaji wa kwanza hakuliuliza: Nyumbani mnakaa wangapi? Tulikuwa saba. Sote tulipeleka choo, na mmoja alionekana na mayai ya tegu. Ndiye aliyekuwa akitupikia, wala hakuwahi kulalamika tumbo hata siku moja.