Mtoto Aliyepata Jina Lake
(Maneno ya mwalimu mstaafu wa viziwi mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya upatanisho, mjini Lubumbashi)



Mliniomba niwaeleze kazi niliyoifanya kwa miaka zaidi ya thelathini, kazi ya kufundisha watoto viziwi. Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni: "Mwalimu, mambo ya viziwi yanaingia wapi katika mambo ya amani?" Ni ulizo zuri. Nitalijibu kwa habari ya mtoto mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vita vilifika Pweto, kando ya ziwa Mweru. Maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Zambia. Wengine walikuja huku kwetu. Mama mmoja alimkuta njiani mvulana wa miaka kama tisa, yuko peke yake, akamchukua pamoja na watoto wake. Alipomleta shuleni alisema: "Mwalimu, huyu ni kibubu. Hana jina."

Jina alikuwa nalo, maana mama yake alimpa. Lakini yeye hakuwahi kulisikia, na watu waliolijua walikuwa mbali. Macho yake yaliona vita, na hakuwa na njia ya kusimulia hata jambo moja.

Mtoto kiziwi akizaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia, mara nyingi anafika shuleni bila lugha yoyote. Kiswahili hana, Kibemba hana, Kifaransa hana. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kumpa jina la ishara. Huyu alikuwa na kovu juu ya jicho, basi wenzake wakamwita kwa kupitisha kidole juu ya nyusi. Siku alipofahamu kwamba ishara ile ni yeye, alizunguka darasa zima akijionyesha kwa kila mtu. Baada ya hapo tukaendelea: maji, bukari, mama, kulala, kwenda. Mimi nilimfundisha kidogo. Watoto wenzake walimfundisha zaidi.

Baada ya miezi mingi alichora ziwa, mtumbwi, na mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Kisha akaeleza kwa mikono: mama, maji, kwenda. Mimi, mti, kujificha. Hapo tukaelewa. Bila shaka walimwita sana siku ile, na yeye hakusikia.

Tulipeleka habari yake kwa Msalaba Mwekundu, maana wao hutafuta watu waliotenganishwa na vita. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Jibu lilitoka katika kambi ya wakimbizi huko Zambia, karatasi moja iliyoandikwa kwa niaba ya mama. Katika mstari wa kwanza lilikuwa jina lake. Niliandika jina lile ubaoni, nikapitisha kidole juu ya nyusi yangu, nikaonyesha ubao. Alisogea, akazifuata herufi moja moja kwa kidole. Sitalitaja hapa, ni mali yake.

Sasa narudi kwenye ulizo. Sisi watu wa amani tunasema: tuzungumze, tusikilizane, kila mtu atoe ushuhuda wake. Mambo haya yote tunayafanya kwa mdomo na sikio. Asiye na lugha atakaa wapi katika mkutano wetu? Hawezi kushtaki aliyemtendea vibaya, wala hawezi kujitetea akisingiziwa.

Tena yuko katika hatari. Askari kwenye barieri akipaza sauti "Simama!" na mtu anaendelea kutembea, mnajua kinachoweza kufuata. Tuliwafundisha wanafunzi wetu waonyeshe mikono, wamtazame askari usoni, na wabebe kadi yenye maneno "Mimi ni kiziwi". Kisha tukaenda na watoto wenyewe kwa askari wa mtaa wetu, tukawafundisha ishara tatu: simama, pita, kiziwi. Walicheka, lakini walijifunza.

Msifikiri kazi hii ilianza nasi. Mwaka 1880, katika mkutano wa Milano huko Italia, walimu waliosikia waliamua kwamba ishara ziondolewe mashuleni, na viziwi wakateseka miaka mingi kwa uamuzi ule. Aliyefungua njia katika Afrika alikuwa kiziwi mwenyewe, Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11. Alianza Ghana mwaka 1957, na kazi yake ya kufungua shule ikafika nchi nyingi, pamoja na yetu. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda. Tarehe hiyo hiyo ndiyo sasa Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu.

Kulikuwa na siku ngumu. Miaka ya 1990 mshahara wa Serikali haukufika, wazazi wakatuchangia, na mimi niliuza makala ili watoto wangu wale. Lakini siku ngumu kuliko zote ni za 1992 na 1993, wakati jirani alipomfukuza jirani kwa sababu ya asili yake ya Kasai. Wanafunzi waliniuliza kwa nini rafiki yao haji tena darasani. Walikuwa hawajui tusi lile la kabila, maana halikuwa na ishara. Sikutaka kuwapa.

Leo sheria tunazo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinamlinda mtu mwenye ulemavu. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria maalumu ya haki zao. Ni hatua kubwa. Lakini sheria haitamfundisha mama ishara za kuongea na mtoto wake. Hiyo ni kazi ya watu.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Mkiitisha mkutano wa amani huko Katuba, Kenya au Ruashi, msihesabu waliokuja tu. Ulizeni ni nani katika mtaa hakuja kwa sababu hakuna aliyejua kumwita. Nendeni mkamtafute, na mjifunze kwanza ishara ya jina lake.