Mtoto mwenye kifafa akimbiliwe, asikimbiwe

Ndugu msikilizaji, mtu akizimia kwa joto kituo cha daladala, kundi zima litamzunguka. Huyu atampepea, yule atatafuta maji, na mwingine atauliza ndugu zake wako wapi. Lakini mtu akianguka, akakakamaa, akaanza kutikisika na povu likamtoka mdomoni, utaona watu wanarudi nyuma. Huyo ameanguka kifafa, na anaachwa peke yake wakati ule ule anapohitaji mkono wa mwenzake. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, hasa kwa upande wa watoto.

Sababu ya kurudi nyuma sote tunaijua. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba ukiguswa na povu la mgonjwa, au mkojo wake, au ukiwa karibu naye hewa inapomtoka, basi na wewe kifafa kimekupata. Waliotuambia hivyo walitaka kutulinda, lakini jambo lenyewe si kweli. Kifafa hakiambukizi. Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo wa binadamu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao kati ya chembechembe zake. Umeme huo ukivurugika ghafla, mwili hukosa uongozi na mtu huanguka. Ukitulia, huzinduka. Hakuna kinachoruka kutoka kwake kuja kwako.

Vyanzo vyake ni vingi. Yuko mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, yuko aliyeugua malaria ikapanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na yuko aliyeumia kichwa katika ajali. Aidha, mtu akimeza mayai ya tegu wa nguruwe kwa chakula au maji yenye uchafu wa choo, minyoo hao wachanga huweza kujenga makazi ndani ya ubongo. Wako pia wengi ambao chanzo chao hakijulikani. Katika orodha hiyo yote hutaona mahali palipoandikwa jirani mwenye kijicho.

Hapa yafaa tutenganishe kifafa na degedege. Degedege humpata mtoto mdogo, kwa kawaida chini ya miaka mitano, anapokuwa na homa kali. Kifafa hurudi tena na tena hata bila homa. Kwetu pwani imesemwa miaka mingi kwamba degedege huletwa na dege apitaye usiku, kwa hiyo mtoto afukizwe mavi ya tembo, na kwamba akipelekwa hospitali akachomwa sindano atakufa. Ndugu msikilizaji, mtoto huyo huenda ana malaria kali. Kinachomuua ni kuchelewa. Anapofikishwa kwa daktari amechoka, akachomwa sindano na kufariki, lawama hubebeshwa sindano.

Tunayo historia yetu wenyewe ya kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wakilishwa kwa chombo chao peke yao, wengine wana makovu ya kuangukia motoni. Aliwapa vidonge vya fenobabitoni, dawa iliyokwisha kutumika duniani tangu mwaka 1912. Wagonjwa walipoanza kupata nafuu, watu waliokuwa wamefichwa majumbani walitolewa na ndugu zao wakaletwa kliniki. Wananchi wale hawakuhitaji hotuba ndefu. Walimwona jirani yao hajaanguka kwa miezi, wakaamini.

Nayasema haya nikiwa mtangazaji, lakini pia nikiwa mama. Binti yangu alianza kuanguka akiwa na umri wa miaka saba. Dawa alipewa, na ilimsaidia. Lililotushinda kwa muda lilikuwa shule. Siku alipoanguka darasani, wenzake walikimbilia nje, na mimi nikaitwa nikaambiwa nimchukue mwanangu kwa kuwa anawatisha watoto wa watu. Alikaa nyumbani wiki tatu. Kila asubuhi alivaa sare akasimama mlangoni kutazama wenzake wakipita. Mtoto hakuniuliza habari ya ugonjwa. Aliniuliza amekosa nini.

Niliomba nafasi ya kuzungumza na walimu, kisha na darasa lake. Dakika ishirini zilitosha. Watoto waliuliza maswali ambayo watu wazima huona haya kuyauliza: je, anaumia, je, tukimshika tutapata, je, atakufa. Wakajibiwa. Mara nyingine alipoanguka, aliyemgeuza ubavu ni msichana wa miaka kumi anayekaa naye dawati moja, na aliyekunja sweta akaliweka chini ya kichwa chake ni mvulana ambaye zamani alikuwa akimcheka. Mwalimu alitazama saa yake, akangoja. Binti yangu alizinduka akiwa katikati ya wenzake. Baada ya kupumzika kidogo akamaliza hesabu zake.

Basi yashike haya, maana kesho anaweza kuanguka mtu mbele yako. Ondoa vitu vya hatari karibu naye, msogeze mbali na moto au barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Mgeuze ubavu ili mate yatoke. Usimkandamize mikono na miguu. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, kwani utamvunja meno au atakung'ata. Usimnyweshe kitu mpaka azinduke vizuri. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka mara ya pili kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Akizinduka, mwambie yuko wapi na nini kimetokea, kwa sauti ya upole.

Kwa wazazi wenzangu, dawa ya kifafa humezwa kila siku, hata mwezi ambao mtoto hakuanguka. Yeye haanguki kwa sababu anaimeza. Ukiikatisha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu hata kuhatarisha maisha. Ukifika wakati wa kuiacha, mara nyingi baada ya miaka miwili bila kuanguka, ni daktari atakayeamua na kuipunguza kidogo kidogo. Mtoto alale usingizi wa kutosha, asiogelee peke yake, asiachwe jikoni penye moto. Zaidi ya hapo, mwacheni acheze, mtumeni dukani, mkaripieni akikosea kama ndugu zake.

Shirika la Afya Duniani linasema wako watu wapatao milioni 50 wenye kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayostahili, ingawa dawa yenyewe inaweza kugharimu kiasi cha dola 5 tu kwa mwaka. Mei 2022 nchi wanachama wa shirika hilo ziliridhia mpango wa kupambana na kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu hadi mwaka 2031. Mpango huo tutaupima zahanati. Mama aliyetembea toka alfajiri na mtoto mgongoni, akaambiwa vidonge vimekwisha aje mwezi ujao, hawezi kumwambia mwanawe kwamba kifafa nacho kingoje mwezi ujao.

Kwa hiyo nawaomba wanaohusika wahakikishe vidonge hivi havikosekani. Nawaomba walimu wakuu watenge dakika ishirini kwa kila darasa. Na wewe msikilizaji, ukiona mtoto ameanguka na watu wanarudi nyuma, piga hatua moja mbele. Mgeuze ubavu, tazama saa, kaa naye.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.